Somo: Kukadiria leza ya kaskedi ya kunusa methani

Mabaki ya mkonge yakioza pasipo hewa hutoa biogesi, na sehemu kubwa yake ni methani. Hapa kwetu Tanga, mtambo wa Hale ulijengwa ili kuzalisha umeme kwa gesi hiyo. Leo tupige hesabu ya leza ya kaskedi, yaani leza ambayo elektroni hushuka hatua nyingi na kutoa mwanga kila hatua, inayoweza kuigundua methani ikivuja. Shikeni kikokotoo.

Hatua ya 1: Anza na gesi. Kila gesi ina mionzi yake inayoifyonza, nayo tunaitaja kwa urefu wa wimbi, kwa mikromita (sehemu ya elfu ya milimita). Hewa ukaa hufyonza mikromita 4.26, methani 3.3 na 7.7. Tuchukue 7.7.

Hatua ya 2: Tafuta nishati. Gawanya 1.24 kwa mikromita: 1.24 ÷ 7.7 = elektrovolti 0.161 (elektrovolti ni kizio kidogo cha nishati). Leza za diodi za kawaida hazifiki hapo, kwa sababu urefu wa wimbi la mwale wake huamuliwa na pengo la nishati la maada yenyewe, yaani nishati ambayo elektroni huipoteza inapotoa mwanga. Indiamu galiamu arsenaidi, kwa mfano, ina pengo la kama elektrovolti 0.74, na mwale wake huangukia karibu na mikromita 1.7.

Hatua ya 3: Chagua unene. Hapa ndipo penye utamu wote. Bana tabaka jembamba la maada hiyo katikati ya tabaka mbili za alumini indiamu arsenaidi. Elektroni hunaswa humo, na nishati yake hukaa kwa viwango kama vidato vya ngazi; ikishuka kidato hutoa fotoni, yaani chembe ya mwanga, yenye nishati ya nafasi hiyo. Tukichukulia kuta (yale matabaka mawili ya pembeni) ni ndefu bila kikomo, nafasi kati ya kidato cha kwanza na cha pili, kwa elektrovolti na unene kwa nanomita, ni:

3 × 0.376 ÷ (0.043 × unene × unene)

Hiyo 0.043 ni uzito wa elektroni ndani ya maada hii ukilinganishwa na wa elektroni huru. Weka 0.161, utapata unene wa nanomita 12.8. Kuta halisi zina kikomo, kwa hiyo tabaka lenyewe litakuwa jembamba zaidi. Lakini oneni: mmebadili mwale kwa kubadili unene tu, maada ni ileile!

Hatua ya 4: Rudia tabaka hilo mara 30 hivi. Elektroni ikishatoa fotoni husogea hatua inayofuata na kutoa nyingine. 30 × 0.161 ni kama volti 4.8, na kwa vitendo huhitajika zaidi. Sharti kidato cha chini kimwagike haraka kuliko cha juu, la sivyo elektroni zinasongamana na leza haiwaki. Wabunifu huweka kidato kingine chini yake kwa kama elektrovolti 0.034, nishati ya mtikisiko wa fuwele, na elektroni huteremka mara moja.

Kazarinov na Suris walitoa wazo hili mwaka 1971. Leza yenyewe iliwaka mwaka 1994 katika maabara za Bell, Marekani, kwa kazi ya Faist, Capasso na wenzao, baada ya ufundi wa kuotesha tabaka nyembamba hivi kukomaa.

Maswali ya wanachama

*Chumbageni:* Shikamoo mwalimu. Unyevu wa pwani hautaificha methani?

Marahaba. Hofu yako ni ya kweli, maana mvuke hufyonza sana karibu na mikromita 6.3 na mistari yake, yaani mawimbi mahususi inayoyafyonza, hufika hadi 7.7. Ila mawimbi ya mwale wa leza hii yanaweza kubanwa karibu na urefu mmoja tu, hivyo tunauelekeza kwenye mstari wa methani ulio katikati ya mistari ya maji.

*Muheza:* Mbona hatuitumii kwa terahezi, yaani mawimbi marefu zaidi kuliko haya?

Inatumika tangu 2002, kwa galiamu arsenaidi. Taabu ni joto. Fotoni ya terahezi 1 ina elektrovolti 0.004 tu, ilhali joto la chumba ni kama 0.026, kwa hiyo elektroni huvurugwa kabla hazijafanya kazi. Mwaka 2020 watafiti waliifikisha kelvini 250, yaani nyuzi 23 chini ya sifuri, tena kwa mipigo mifupi.

*Pangani:* Lenzi ya kioo cha kawaida inafaa?

Hapana, kioo huzuia mikromita 7.7. Tumia zinki selenaidi au germani. Na tafadhali vaa miwani iliyopimwa kwa mwale huo: hauonekani, kwa hiyo jicho halitapepesa, na konea inaweza kuungua.