Kabla ya kukabidhi hifadhidata yako kwa kampuni ya wingu

Kampuni ya wingu, yaani inayokodisha kompyuta zake kupitia intaneti, ikisema itakutunzia hifadhidata (mahali programu yako inapoweka taarifa zake), maana yake itasimamia seva, itaweka masasisho na itachukua nakala rudufu kwa ratiba. Data ikipotea, hasara ni yako. Kwa hiyo kabla ya kuandika namba ya kadi, mimi huanzia mwisho: nikiamua kuhama, au akaunti ikifungwa ghafla, data yangu nitaitoaje?

Wengi hudhani swali hilo limeshajibiwa na maneno "nakala rudufu za kila siku". Januari 2017 fundi wa GitLab, kampuni inayowatunzia watengenezaji wa programu kazi zao mtandaoni, alifuta kwa bahati mbaya data ya seva kuu. Walipokimbilia nakala rudufu wakakuta hazipo: programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata yao, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani bila mtu kujua. Walipoteza data ya karibu saa sita, tena waliokolewa na nakala ambayo fundi alikuwa ameichukua kwa shughuli nyingine. GitLab walijiendeshea hifadhidata wenyewe, lakini hata wewe unayelipia huduma hujui kama nakala zako ni nzima mpaka urejeshe moja.

Kwa hiyo soma kwanza nakala hutunzwa siku ngapi. Amazon RDS, huduma ya hifadhidata ya Amazon, hairuhusu nakala zinazochukuliwa zenyewe zitunzwe zaidi ya siku 35, na mpango wa bure wa MongoDB Atlas, huduma ya wingu ya hifadhidata za MongoDB, hauna nakala rudufu kabisa. Kisha, katika wiki ya kwanza, kabla mteja hajaingia, rejesha nakala moja na uhesabu mistari ya majedwali uone kama imetimia. Pima pia muda uliotumika. Kwenye RDS data hurejea kwenye hifadhidata mpya yenye anwani mpya, kwa hiyo lazima ujue anwani ya zamani imeandikwa wapi ndani ya programu yako. Nakala nyingine iweke nje ya kampuni hiyo kabisa. Mei 2024 mfuko wa pensheni wa Australia, UniSuper, ulikaa karibu wiki nzima bila huduma baada ya mazingira yake kwenye Google Cloud kufutwa kwa kosa la mpangilio. Nakala walizokuwa wameweka kwa mtoa huduma mwingine ziliwasaidia kurudi.

Eneo la seva nalo lina uzito. Kwa tulio Afrika Mashariki, vituo vikubwa vya karibu viko Afrika Kusini: Microsoft walifungua Johannesburg 2019, Amazon Cape Town 2020, Google Johannesburg 2024. Programu na hifadhidata zikae eneo moja, la sivyo ukurasa unaoiuliza hifadhidata maswali ishirini utasafiri baharini mara ishirini. Kama unahifadhi majina na namba za simu za watu, soma sheria ya taarifa binafsi, ya mwaka 2019 kwa Kenya na 2022 kwa Tanzania, kwa sababu zote zina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi.

Bili huja kwa dola. Weka onyo la bajeti siku ya kwanza, ukijua kwamba onyo peke yake halizimi chochote. Hata hifadhidata ya RDS uliyoisimamisha hujiwasha yenyewe baada ya siku saba na kuanza kuhesabu pesa.

Ukiombwa kutaja anwani za intaneti zinazoruhusiwa kuunganishwa na hifadhidata, usiandike 0.0.0.0/0 kwa kuwa una haraka. Hiyo ni dunia nzima. Mwanzoni mwa 2017 maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi zilifutwa na wahalifu wakaacha ujumbe wa kudai fidia.

Jambo la mwisho naliona kila mara kwenye shule, saccos na maduka: akaunti imefunguliwa kwa barua pepe ya kijana aliyejenga mfumo, na kadi ni yake. Akipata kazi kwingine, au kadi ikiisha muda, taasisi haina hata pa kuanzia kuuliza. Fungua akaunti kwa barua pepe ya taasisi, wapewe ufunguo watu wawili, na tarehe ya kadi kuisha iandikwe kwenye kalenda ya mhasibu.