Mbwa wako jike umpandishe au umtoe kizazi? Amua kabla joto halijaanza

Wengi wanaanza kuwaza hili jambo siku wanapoona matone ya damu kwenye vigae vya barazani, wakichungulia nje ya geti wamejilaza madume watano ambao hata hawajawahi kuonekana mtaani, na hapo ushachelewa. Jike kwa kawaida anapata joto la kwanza, yaani kile kipindi cha kutaka dume, kati ya miezi 6 na 12, vile vimbwa vidogo vinawahi, majitu kama Boerboel yanaweza kwenda mpaka mwaka na nusu au hata miaka miwili. Kwa hiyo kama ndani kuna papi jike wa miezi minne mitano, wakati wa kuamua ni sasa hivi.

Msimamo wangu nausema mapema ili usije ukasema nimekuzungusha: kama huwezi kunitajia kila papi ataenda kwa nani kabla mama yake hajapandwa, mtoe kizazi. Sisemi kuzalisha ni dhambi, kuna watu wanazalisha vizuri na mbwa wao wanaheshimika, ila ni kazi ya mtu mwenye muda, hela na wateja wanaosubiri. Hii ya "tumwache azae mara moja ndo atulie" haina faida yoyote ya kiafya kwa mbwa, na ile ya "akitolewa kizazi halindi tena" nayo potelea mbali, mbwa analinda kwa sababu ya damu yake na malezi yake na kwa vile anajua hapo ni kwake, ovari haibweki.

Haya, tuseme bado unataka kumpandisha. Anza kumwangalia yeye mwenyewe bila huruma, kama vile ni mbwa wa jirani. Anang'ata wageni hata ukiwa umewakaribisha? Mtu akinyanyua fagio anajikojolea kwa woga? Tabia nyingi za hivyo zina urithi ndani yake, utawauzia watu matatizo. Kama ni German Shepherd, Rottweiler au Labrador, ishu kubwa ni nyonga, na nyonga huioni kwa macho mbwa akiwa kijana anaruka ruka, unaiona kwa eksirei. Kule Marekani shirika la OFA, linalokagua picha za mifupa ya mbwa, halitoi cheti cha kudumu cha nyonga mpaka mbwa afikishe miezi 24, ndo maana mwenye akili hapandishi mbwa mkubwa kwenye joto la kwanza, anasubiri miaka miwili kwanza akomae. Na ukiambiwa "ana karatasi" usilegee haraka. Nairobi kuna East Africa Kennel Club wanaandikisha mbwa wa ukoo, sawa, lakini karatasi inakuambia babu yake ni nani, haikuambii nyonga zake zikoje.

Dume naye achunguzwe. Mwenye dume atakuambia dume lake halijawahi kuumwa hata siku moja, we muombe arudishe ngozi ya uume nyuma muangalie wote. Mnatafuta kinyama kilichochanua kama koliflawa, chekundu, kinachochuruzika damu kidogo. Huo ni uvimbe wa zinaa wa mbwa, seli zenyewe za saratani zinahama toka kwa mbwa mmoja kwenda kwa mwingine wakipandana au hata wakinusana na kulambana, na kwetu huku ambako mbwa wengi wanazurura upo sana tu. Unatibika, kwa kawaida sindano za vincristine, dawa ya saratani, kila wiki kwa wiki kadhaa, ila nani anataka kuanzia huko. Kuna na brusela, ugonjwa wa bakteria, inatoa mimba na kuua papi tumboni, hiyo ni kipimo cha damu kwa wote wawili. Na malipo, iwe papi mmoja wa kuchagua au hela taslimu, yaandikeni kabla, watu wamegombana mpaka kwa mjumbe kwa sababu ya papi wa kuchagua.

Siku ya kupandisha yenyewe, hesabu tangu damu ilipoanza, wengi wanashika mimba kati ya siku ya 9 na ya 14, damu inakuwa imepauka na ukimkuna juu ya mgongo karibu na mkia anauhamisha mkia pembeni. Kliniki yenye kipimo cha damu cha projesteroni, homoni ya uzazi, itakupa jibu la uhakika zaidi kuliko vidole vyako. Wakishapandana watanasana, kitako kwa kitako, dakika tano mpaka nusu saa au zaidi, na hapo ndo utaona watoto wa mtaa wanakuja na mawe na ndoo ya maji. Wafukuze. Kuwavuta kunaumiza wote wawili, wataachana wenyewe. Baada ya hapo ni kama siku 63.

Sasa chukua karatasi, huku ndo kwenye ukweli. Mbwa mkubwa anaweza kukuletea papi nane kirahisi. Dawa ya minyoo inaanza wakiwa na wiki mbili, inarudiwa kila baada ya wiki mbili. Chanjo inaanza wiki ya 6 mpaka ya 8, inarudiwa kila wiki tatu nne mpaka wafike wiki 16. Mama akinyonyesha watoto wengi anakula mara mbili hata mara tatu ya kawaida yake, na hapo sisemei ugali na dagaa wa juzi. Papi hawatakiwi kuondoka kwa mama kabla ya wiki nane. Zidisha kila kitu kwa nane, weka na oparesheni ya dharura pembeni kwa sababu haikupigii hodi, halafu ujiulize hao nane wananunuliwa na nani. Papi akivuka miezi mitatu bei inashuka kila wiki, na majike ndo wanabaki. Parvo, kile kirusi cha kuhara damu, ikiingia kwenye boksi la papi ambao hawajachanjwa unaweza kuzika wengi ndani ya siku chache tu. Wanaokuambia papi ni hela ya haraka, waulize waliuza wangapi na walizika wangapi.

Na usiku wa kuzaa uwe nyumbani. Joto la mwili likishuka chini ya 37 hivi, mara nyingi anazaa ndani ya siku moja. Akisukuma kwa nguvu nusu saa na hakuna kitu, au zikipita zaidi ya saa mbili toka papi wa mwisho na unajua bado wamo, au yakitoka majimaji ya kijani cheusi kabla ya papi wa kwanza, huo ni wakati wa dokta, sio wa kumpapasa na mafuta. Jiulize leo hii: una dokta anayepokea simu saa nane usiku? Kama huna, swali la kupandisha limejijibu. Vimbwa vidogo vina kitu kingine, wiki mbili tatu baada ya kuzaa kalisiamu inashuka, mama anatetemeka, anahema, anakakamaa, huyo ni wa kukimbizwa. Na kumjaza vidonge vya kalisiamu wakati wa mimba kunazidisha hatari hiyo, hakuipunguzi, labda dokta aseme.

Upande wa pili. Sababu kubwa ya kutoa kizazi kwangu sio papi wasiotakiwa, ni usaha. Jike ambaye kizazi kipo, hasa akianza kuzeeka, wiki kadhaa baada ya joto kizazi kinaweza kujaa usaha. Dalili ya kwanza watu wanaipita: anakunywa maji. Anamaliza bakuli, anaenda kwenye beseni la vyombo, anakunywa hadi ya ndoo ya kudekia, anakojoa ovyo, halafu siku mbili tatu hali, anatapika, amelala tu. Wakati mwingine unaona uchafu unatoka nyuma, wakati mwingine mlango wa kizazi umefunga huoni chochote na huyo ndo yuko kwenye hatari zaidi. Watu wanampa dawa ya minyoo wakisubiri. Sweden ambako kutoa kizazi hakukuwa mazoea, data za bima ya mbwa za miaka ya 1990 zilionyesha karibu jike mmoja kati ya wanne anaugua hivi kabla ya kufika miaka 10. Na tiba yake ni oparesheni ile ile uliyoikwepa, ila sasa unaifanya kwa mbwa mzee aliyejaa sumu na kwa bei kubwa.

Matiti nayo. Kuna utafiti wa Marekani wa 1969 unaotajwa kila mahali: akitolewa kizazi kabla ya joto la kwanza hatari ya uvimbe wa matiti inabaki asilimia 0.5 ya ile ya jike asiyetolewa, baada ya joto moja asilimia 8, baada ya mawili au zaidi 26. Mwaka 2012 kuna watafiti waliupitia ushahidi wote upya wakasema ni dhaifu, kwa hiyo mi nauchukulia kama mwelekeo tu, sio msahafu.

Hasara zipo, asikudanganye mtu. Atanenepa usipopunguza chakula, punguza kama robo hivi umwangalie mbavu. Baadhi ya majike, hasa wakubwa, wanakuja kuvuja mkojo wakiwa wamelala, dawa ipo ila ni ya muda mrefu. Na viungo: Chuo Kikuu cha California kule Davis mwaka 2016 walionyesha German Shepherd waliohasiwa au kutolewa kizazi kabla ya mwaka mmoja wanapata zaidi matatizo ya viungo. Kwa hiyo kimbwa kidogo na koko wa wastani, miezi mitano sita, kabla ya joto la kwanza, inatosha. Mbwa mkubwa subiri avuke mwaka, na vizuri zaidi akaribie miwili. Lakini hapo naweka masharti: unasubiri kama ukuta wako umekamilika. Kama fensi yako ni michongoma yenye matundu na geti linalala wazi, mimba akiwa na umri wa miezi minane ni tatizo la karibu zaidi kuliko goti bovu akiwa na miaka saba, mfanye mapema. Akishaingia joto usimpeleke siku hizo, mishipa imejaa damu, subiri miezi miwili mitatu baada ya joto.

Kuhusu kliniki, hakikisha dokta kasajiliwa, Tanzania ni Baraza la Veterinari, Kenya ni Kenya Veterinary Board, sio mtu wa duka la dawa za kuku anayekuja na begi. Ukiwa Morogoro SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wana hospitali ya kufundishia, Nairobi kuna Kabete, ile kampasi ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na kuna KSPCA, shirika la kutetea wanyama. Uliza usingizi anatumia dawa gani, dawa ya maumivu utaenda nayo nyumbani au hapana, na nani anakaa naye mpaka aamke. Akijibu "mbwa hasikii maumivu sana", shika kamba mwondoke.

Kitu ambacho ushauri wa kusoma kutoka Ulaya haukuambii: kupe. Ugonjwa wa kupe, ile erlikia, unashusha chembe za kugandisha damu na mbwa anaweza kuonekana mzima kabisa, anakula, anakimbia, halafu mezani damu haikati. Omba kipimo cha damu kabla, hasa kama umewahi kumtoa kupe masikioni na kati ya vidole, na nani hajawahi. Kina gharama yake lakini usibanie hapo.

Usiku wa kuamkia oparesheni asile, maji anaweza kunywa mpaka asubuhi au kama dokta atakavyosema. Akirudi mweke ndani, kola ya plastiki shingoni hata kama anagonga kila kona, hakuna kuruka wala kukimbizana siku 10 mpaka 14 nyuzi zitoke. Kidonda kiangalie asubuhi na jioni, kikivimba, kikinuka au kikitoa majimaji rudi. Usipake kitu. Namaanisha oili chafu ya gari, namaanisha majivu, namaanisha spiriti.

Halafu wale wa "nampiga tu ile sindano ya uzazi wa mpango ya akina mama, ni rahisi". Hiyo homoni kwa mbwa inachochea usaha wa kizazi na uvimbe wa matiti, yaani unalipia vitu viwili ulivyokuwa unavikimbia. P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, navyo hapana. Kama kaponyoka kapandwa, mpeleke kwa dokta mapema mkae mzungumze, kuna kumpima kwa ultrasaundi kama wiki nne hivi baadaye ujue mimba ipo au haipo, kuna kumtoa kizazi mimba ikiwa changa, na kuna kuwaacha wazaliwe ukaanza leo kutafuta watu. Zile sindano za zamani za estrojeni za "kusafisha" zinaweza kuharibu uboho wa mifupa unaotengeneza damu, zikatae. Akishazaa, subiri papi waache kunyonya na maziwa yakauke ndo umpange kwa oparesheni.

Na kama una dume ndani ya ukuta huo huo, kumhasi yeye ni oparesheni nyepesi na ya bei ndogo kuliko ya jike, na kuzurura kunapungua. Ila mbegu zinabaki kwenye mirija wiki kadhaa, kwa hiyo usimfungulie kwa jike mwenye joto kesho yake, mpe mwezi na nusu.