Hapa Dar, Mwenge mpaka Posta asubuhi, unapitaje?

Cha kwanza usiangalie taa, angalia trafiki. Akishasimama katikati pale makutano ya Morocco ujue taa hazina kazi, anavuta upande mmoja mpaka achoke mwenyewe na nyie wengine mnazima injini mnanunua karanga. Kwa hiyo kabla hujafika piga jicho mbele, ukiona breki zinawaka na watu wameanza kushuka kwenye daladala wanatembea, usikomae na Daraja la Salenda, pale Namanga kata kushoto uingie Oysterbay, shika Daraja la Tanzanite lile lililofunguliwa 2022, unatokea hospitali ya Aga Khan. Ila ramani ya simu ikishakuwa nyekundu ujue wenzako nao wameiona, huko Tanzanite mtakutana wote, wahi kuamua mapema.