Kusaka valvu za zamani Mwanza, za redio na za amplifaya ya gitaa

Duka la valvu, zile chupa za kioo zenye uzi unaowaka ndani zinazokuza sauti, Mwanza halipo, kwa hiyo usipoteze nauli kuzunguka maduka ya vifaa vya umeme ukionyesha picha kwenye simu. Utaambiwa "balbu hizo zilishaisha zamani" na muuzaji ambaye hajawahi kuishika hata moja. Valvu zipo, ila zimejificha ndani ya vitu: redio za mbao juu ya makabati, rekoda za mikanda mikubwa, amplifaya za kanisani zilizosukumwa stoo. Kazi yako ni kujua kitu gani kina valvu gani, kisha nani anacho. Mimi ni fundi, meza yangu iko jirani na Makoroboi, na haya ndiyo ninayomwambia kila kijana wa bendi anayekuja na amplifaya iliyonyamaza.

Hatua ya 1: Jifunze kusoma jina kabla ya kutoka nyumbani

Valvu nyingi za kwetu zilitoka Ulaya, na jina la valvu ya Ulaya ni maelezo kamili. Herufi ya kwanza ni ya hita, ule uzi unaowaka ndani. E ni volti 6.3. G ni volti 5. U ni hita zinazofungwa mfululizo kwa miliampia 100, ndani ya redio isiyo na transfoma ya umeme. D ni volti 1.4, yaani redio ya betri. P ni mfululizo wa miliampia 300, hasa za televisheni. Hizo huku ni adimu, maana Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi miaka ya 1990. Chache nilizonazo zilitoka Kenya na Uganda, ambako televisheni ilitangulia.

Herufi zinazofuata zinataja kazi. C ni triodi (valvu ya elektrodi tatu), F ni pentodi (elektrodi tano) ya ishara dhaifu, H inachanganya mawimbi, L inasukuma spika, M ni lile jicho la kijani la kutafutia stesheni, Y na Z zinanyoosha umeme, yaani zinageuza AC kuwa DC. Tarakimu nazo zinataja miguu: ikianza 8 ina miguu 9, ikianza 9 ina miguu 7, ikianza 4 ina miguu 8 myembamba iliyotoka moja kwa moja kwenye kioo, ikianza 3 mara nyingi ina tako la plastiki na miguu 8 minene.

Basi ECC83 ni triodi mbili ndani ya chupa moja, miguu 9. Wamarekani wanaiita 12AX7. Kwao EL84 ni 6BQ5, EL34 ni 6CA7 na GZ34 ni 5AR4. Andika hizo nne kwenye karatasi uziweke mfukoni, ndizo wapiga gitaa wanazozililia. Amplifaya ya gitaa ya Vox AC30, kwa mfano, inakula EL84 nne.

Sasa mtego. ECC85 inafanana na ECC83 kama pacha, na redio zenye FM zinazo tele. Lakini kwenye ECC85 hita iko mguu wa 4 na wa 5, na mguu wa 9 ni kinga tu. Kwenye ECC83 hita zipo mbili, na mguu wa 9 ndio kiungo cha katikati. Ukiichomeka ECC85 kwenye soketi ya ECC83 iliyofungwa kwa volti 6.3, haitawaka, nawe utalaumu valvu nzima bure. EL41 nayo ni binamu wa EL84 kwa kazi, lakini haiingii kwenye soketi yake hata uisukume na nyundo.

Hatua ya 2: Tafuta watu, usitafute vitu

Anzia Makoroboi. Jina lenyewe linatokana na koroboi, na kazi ya kukata na kulehemu bati hapo ni ya siku nyingi. Vyuma chakavu vinapita hapo kila asubuhi. Usiulize "una valvu?" Uliza "una redio mbovu ya mbao, yenye taa ndani?" Waachie wabeba vyuma chakavu namba yako na ahadi ya kulipa zaidi ya bei ya kilo, la sivyo chesisi, ile fremu ya chuma ya ndani, itavunjwavunjwa kwa ajili ya shaba ya transfoma na vioo vitatupwa. Sokoni Mlango Mmoja nenda mara moja moja tu. Mitumba ya huko ni ya juzi.

Penye utajiri ni nje ya mji. Wazee wa Magu na Kwimba wanasema fedha ya pamba ndiyo iliyonunua redio kijijini. Lakini umeme haukuwapo, kwa hiyo redio hizo ni za betri: DK96, DF96, DAF96, DL96. Mpiga gitaa hana kazi nazo. Mimi ndizo ninazozipenda kuliko zote, maana ndizo zilizosikilizwa huku ziwani, na bado unaweza kuzisikia. Betri 10 za volti 9 ukizifunga mfululizo unapata volti 90, na betri moja kubwa ya tochi inawasha hita zote nne kwa miliampia 125. Ila angalia waya zako. Mwaka mmoja nilizichanganya, volti 90 zikaenda kwenye hita, valvu nne zikafa kabla sijamaliza kusema "aisee".

Anayetaka ECC83 aachane na redio. Redio nyingi hazina. Atafute rekoda za mikanda na amplifaya za matangazo: parokia za zamani kama Bukumbi na Kagunguli kule Ukerewe, misikiti mikongwe, shule za bweni, majumba ya sinema yaliyogeuzwa maghala. Nenda na heshima, omba kuonana na mwenye dhamana ya stoo, na ukubali kuambiwa urudi wiki ijayo. Upande wa Sengerema safari imekuwa fupi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025.

Kuna bibi mmoja Magu alikuwa na redio ya umeme ya marehemu mumewe. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwambia nahitaji valvu moja tu ya nyuma, nitamlipa elfu ishirini. Akanijibu, "Mjukuu wangu, wewe unataka unachomoe moyo uniachie kabati?" Nikaona aibu. Niliitengeneza bila malipo, na siku ya tatu akanitolea kopo la maziwa ya unga lililojaa valvu za akiba za mumewe, EL84 mbili zikiwamo, hazijawahi kuchomekwa. Tangu hapo sichomoi valvu kwenye redio inayoweza kupona. Redio iliyoliwa na mchwa hadi chesisi, hiyo sawa.

Hatua ya 3: Kagua papo hapo

Tazama kichwani au ubavuni mwa kioo. Kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia, hilo lilipakwa kiwandani ili limeze hewa iliyobaki. Likiwa la fedha au la kahawia iliyokolea, endelea. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia, hiyo ni pambo. Tikisa taratibu karibu na sikio. Kipande kinachogonga ndani si dalili njema.

Maandishi yanaweza kudanganya, kwa sababu wino hufutika na mtu anaweza kupiga mhuri mwingine. Amini kilicho kwenye kioo chenyewe. Valvu ndogo za Telefunken nyingi zina alama ya almasi iliyochorwa kwenye kioo chini, katikati ya miguu. Za Mullard na Philips zina msimbo mdogo karibu na tako. Sehemu inayotaja kiwanda ikianza na B, ilitoka kiwanda cha Blackburn, Uingereza. Tumia tochi ya simu ikiwa pembeni, na usisugue.

Hatua ya 4: Pima kwa mita

Hesabu miguu ukiitazama valvu kwa chini, kwa mwendo wa saa, ukianzia pale penye pengo, au kwenye jino la kigingi cha katikati kwa zenye tako na miguu 8 minene kama EL34 na GZ34. Kwa hita ya EL84 pima mguu wa 4 na wa 5. ECC83 pima 4 na 9, kisha 5 na 9. EL34 ni 2 na 7. GZ34 ni 2 na 8. Hita baridi ya EL84 husoma omu moja au mbili hivi. Mita ikikaa kimya, uzi umekatika. Valvu za D usizipime kwa mita ya mshale kwenye skeli ndogo ya omu: uzi wa miliampia 25 ni kama utando wa buibui, na mita yenyewe inaweza kuuunguza.

Hita nzima haimaanishi valvu ina nguvu. Hilo utalijua ndani ya kifaa kinachofanya kazi.

Hatua ya 5: Usiichomeke ukutani

Hapa sitaki haraka. Redio ya valvu ina volti 200 hadi 300 ndani, na kapasita, vile vifaa vinavyohifadhi umeme, hubaki nazo hata baada ya kuchomoa waya. Zimalize kwa rezista ya kiloomu 10 yenye wati za kutosha, kisha pima uhakikishe ni sifuri. Redio za U ni hatari zaidi: chesisi nzima inaweza kuwa na moto wa ukutani, na skrubu ya nyuma ikakurusha. Asiye na uzoefu aziache kabisa.

Kabla ya kuwasha, badilisha ile kapasita ya karatasi inayopeleka sauti kwenye gridi (mlango wa kuingizia sauti) ya valvu ya spika. Zote za umri huo zinavuja, na ikivuja valvu inavuta umeme kupita kiasi hadi inaiva nyekundu. Weka ya plastiki ya volti 630. Kisha funga balbu ya uzi ya wati 60 mfululizo na waya wa umeme. Ya LED haifai. Ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, vizuri. Ikibaki inang'aa, kuna shoti, zima.

Kwenye amplifaya ya gitaa, ikishalia, gonga kila valvu kwa ncha ya penseli. Inayolia kama kengele kwenye spika ihamishie kwenye redio, ambako haitamsumbua mtu. Ukibadilisha EL34, mkondo wa kupumzika, yaani unaopita valvuni wakati hakuna sauti, lazima upimwe upya.

Hatua ya 6: Kutunza

Unyevu wa ziwa unakula miguu. Isafishe kwa kifutio cha penseli, usiguse wino. Trei ya mayai inazibeba vizuri, miguu juu, ndani ya ndoo yenye mfuniko. Jina na mahali ulipoitoa viandike kwenye kipande cha karatasi kilichofungwa kwa uzi, siyo kwenye kioo.