Kabla ya kuwaonyesha wanunuzi jiko lako

Unauza nyumba? Kabla ya kuwaza makabati mapya, anza na kabati la chini ya sinki. Mnunuzi makini atalifungua tu, na akikuta ubao umevimba kwa maji, ataanza kutilia shaka mabomba ya nyumba nzima. Kaza viungio, badili mpira wa bomba linalodondosha, kausha vizuri. Mafuta yaliyogandia milango ya makabati yaliyo karibu na jiko la kupikia hutoka kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo. Usisugue kwa kitu cha kukwaruza, utaharibu rangi. Makabati mengine yapunguze vitu, nafasi ionekane. Na tafadhali, usiku wa kuamkia siku ya kuja wanunuzi usikaange chochote: harufu hung'ang'ania mapazia.