Umegongwa na daladala? Tunza karatasi kabla hujatafuta wakili

Wateja wengi wanaoingia ofisini kwangu hapa Morogoro huanza na simulizi: dereva alikuwa anagombania abiria, alikuwa na simu sikioni. Nasikiliza, kisha naomba PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Wengi hawana.

Mdai anathibitisha mambo matatu. Mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwako, aliukiuka, na ukiukaji huo ndio uliokuumiza. Mzigo ni wako, ila si mzito kama wa jinai: inatosha maelezo yako yaaminike kuliko ya mwenzako. Wajibu wa dereva barabarani habishi mtu. Ubishi uko kwenye jambo la pili, kwa hiyo chukua namba za mashahidi palepale na fuatilia ramani ya ajali iliyochorwa na trafiki. Dereva akitiwa hatiani kwenye kesi ya jinai, omba nakala ya hukumu iliyothibitishwa. Itakupunguzia kazi kubwa.

Mshtaki dereva pamoja na mmiliki. Mmiliki atasema dereva si mwajiriwa wake, analeta hesabu tu jioni. Usitishike, uliza gari lilikuwa linafanya kazi ya nani.

Utetezi utakaokusumbua zaidi ni kwamba nawe ulichangia: ulivuka bila kuangalia, au ulipanda bodaboda bila kofia. Hilo halifuti dai, linalipunguza. Mahakama ikikadiria milioni 10 na kuona ulichangia asilimia 20, unaondoka na milioni 8. Madai kwamba uliikubali hatari kwa hiari yako huandikwa sana na wadaiwa. Kwa abiria aliyelipa nauli siyaogopi.

Sasa fedha, na hapa ndipo kesi nzuri hufia. Fidia mahsusi ni kile ulichotumia kweli: dawa, picha ya eksirei, nauli za kliniki, kipato kilichokatika. Kila shilingi itajwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu. Mahakama ya Rufani ilishasisitiza hivyo katika Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe. Mama lishe asiye na daftari la mauzo ana kibarua hapo. Risiti za mashine hufifia, zitoe kopi mapema. Maumivu na ulemavu huingia kwenye fidia ya jumla, ambayo hakimu huikadiria mwenyewe, kwa hiyo mpe ripoti ya daktari inayosema usichoweza kufanya tena, si "anaendelea vizuri".

Muda ni miaka 3 tangu ajali. Kama gari ni la serikali au halmashauri, tanguliza notisi ya siku 90.

Bima nayo iangalie mapema: namba ya gari unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Iandikie kampuni kabla ya kufungua kesi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Wakati wa kukaza hukumu, yaani kulazimisha ulipwe ulichoshinda, dereva mara nyingi hana kitu cha kukamatwa, ndiyo maana bima ni muhimu.