SOMO: Kusawazisha ramani ya Counter-Strike, T na CT wote wapate haki yao

Wakuu habari zenu. Kuna washikaji kadhaa wamenifuata pembeni wakiuliza kitu kilekile, kwamba ametengeneza ramani (uwanja wa kuchezea) ya Counter-Strike, ile gemu ya bunduki ya watano kwa watano, inapendeza, taa ziko poa, kuta ziko poa, lakini akiwaita watu wacheze upande mmoja unakula raundi zote na baada ya nusu saa watu wanatoka. Nimeona niandike hapa mara moja tusome wote, mwenye swali aulize chini nitajibu.

Tuelewane kwanza. Wengi wanadhani kusawazisha ni kukata ramani katikati na kufanya kushoto kufanane na kulia. Kwenye Counter-Strike hiyo haikusaidii maana kazi za pande mbili hazifanani, T (gaidi) anakuja kutega bomu, CT (askari anayepambana na magaidi) yuko pale kulinda na likitegwa alitegue, sasa ukiwapa jiografia ileile unakuta mlinzi amependelewa tayari maana yeye anasubiri tu. Unachosawazisha ni MUDA. Nani anafika wapi kwanza, na akishafika anaona nini. Haya mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

HATUA YA 1: Karatasi kwanza

Usifungue Hammer (programu ya kutengenezea ramani). Chukua karatasi, weka anzio la T, anzio la CT, saiti A, saiti B (sehemu mbili za kutegea bomu), halafu chora njia kama kamba tu, bila kuta. Ichukueni Dust II mkaiangalie kutoka juu, ile ramani aliyoitoa Dave Johnston mwaka 2001 na mpaka leo watu wanaicheza. Ukiondoa mapambo yote unabaki na umbo kama la namba nane: njia ndefu ya kwenda A, njia fupi ya kwenda A, katikati, na handaki la kwenda B. Basi. Mchezaji mgeni anaielewa ndani ya raundi tano. Kama karatasi yako ina njia tisa kwenda saiti moja, futa, hakuna timu ya watu watano inayoweza kulinda hicho kitu na wala hutaweza kukipima.

HATUA YA 2: Pima kwa sekunde, achana na urefu

Mchezaji akishika kisu anakimbia yuniti 250 (kipimo cha urefu ndani ya gemu) kwa sekunde. Akishika bunduki ya AK ni 215, M4 ni 225, AWP ya snaipa (mdunguaji) ni 200. Kwa hiyo njia ya yuniti 2000 ni sekunde 8 kwa mwenye kisu na sekunde 10 kwa mwenye AWP mkononi. Mwanzo wa raundi karibu kila mtu anakimbia na kisu, so pima kwa kisu. Lakini hesabu ya karatasi haitoshi, ingia ndani ya ramani, weka stopwochi ya simu pembeni, kimbia wewe mwenyewe kutoka KILA sehemu ya anzio mpaka kila kona muhimu, maana wachezaji watano hawaanzii sehemu moja, wa mbele na wa nyuma wanaweza kupishana sekunde nzima na hiyo sekunde ndiyo inayoamua nani kafa mlangoni. Andika kwenye daftari. Mi nina daftari la mistari limejaa hizi namba tu, na ndilo ninaloanza kulifungua kabla ya kompyuta.

HATUA YA 3: Wanakutana wapi mara ya kwanza

Hapa nikae kidogo maana ndipo ramani nyingi zinapokufa.

Nina ramani yangu naiita Bandarini, makontena, ghala moja kubwa ndio saiti A, na gati ndio saiti B. Toleo la kwanza tulicheza raundi 30, CT wakachukua 23. Watu wakaanza kunishauri niongeze makontena ya T kujificha, nikaongeza, bado. Nikarudi kwenye daftari. Mlango wa ghala T anaufikia sekunde ya 13. Ndani ya ghala kuna roshani ya chuma, CT anaifikia sekunde ya 9. Sekunde 4 hizo! Snaipa anapanda, anaacha kisu, anatoa AWP, anaweka jicho kwenye darubini, anatulia, na bado ana muda wa kusubiri. T akitokeza bega tu amekufa. Makontena niliyoongeza yalikuwa nje ya mlango, na watu walikuwa wanafia mlangoni penyewe, kwa hiyo hayakuwa na kazi yoyote.

Nilichofanya sikugusa ghala kabisa. Nilirudisha anzio la CT nyuma yuniti 500, yaani sekunde 2. Sasa CT akifika roshani sekunde ya 11, bado anawahi, lakini T mwenye mbio na mwenye flashi (bomu la kupofusha) mkononi anaweza kuirusha kabla snaipa hajatulia. Tukacheza tena 30, CT wakapata 17. Ile hisia ya kuona mlango ambao jana ulikuwa makaburi leo watu wanaugombania, siwezi kuielezea.

Kwa kifupi mlinzi awahi, ila awahi kwa sekunde moja au mbili tu. Akiwahi kwa nne umemjengea ngome. Asipowahi kabisa, T anaingia saiti kama anaingia kwake na CT anabaki kukimbizana na mabomu ya moshi.

HATUA YA 4: Kuhama saiti

Hii hesabu ishikeni vizuri. Bomu likitegwa linalipuka baada ya sekunde 40. Kutegua bila vifaa ni sekunde 10, ukiwa na vifaa ni 5. Maana yake CT aliyeko saiti nyingine ana sekunde 30 au 35 za kukimbia, kuua na kuanza kutegua. Ukimpa njia ya kuhama ya sekunde 25 amebakiwa na tano au kumi za kupigana na watu waliojificha, hapo atakuwa anaacha raundi na kutunza bunduki kwa raundi ijayo kila mara, mchezo unakuwa baridi. Ukimpa sekunde 6, T hawezi kumdanganya, yaani T wakirusha mabomu A ili waende B, CT anakwenda kuchungulia na kurudi kabla wao hawajafika. Mimi nalenga 12 mpaka 15 kwa CT, na T wachelewe zaidi kidogo ya hapo.

Mfano mnaoujua ni ramani ya Nuke. Saiti zake mbili zimepangwa juu na chini kwenye jengo moja, CT anashuka tu, wakati T akitaka kubadilisha mawazo ana safari. Ndio maana miaka yote Nuke imejulikana kama ramani ya CT. Bado ni ramani nzuri na naipenda, ila timu ikiingia pale inajua kabisa upande wa T ukipata raundi tano umejitahidi.

HATUA YA 5: Nani anamuona nani

Njia inaweza kuwa na muda mzuri ila mstari mmoja wa kuona ukaharibu kila kitu. Dust II hiyohiyo, miaka na miaka T akisimama kwenye anzio lake anaona kupitia milango ya katikati mpaka kule CT wanapokatiza kwenda B. Raundi haijafika hata sekunde kumi CT mmoja ameshakufa, watano kwa wanne. Wengine walikuwa wanaona ndio utamu wa ramani, mimi naona lilikuwa kosa, mtu kufa kwa sababu tu lazima apite pale hakuna ufundi ndani yake. Mwaka 2021 Valve, wenye gemu, waliuziba ule mstari.

Kwa hiyo simama kwenye anzio la kila upande, geuka taratibu duara zima, jiulize kuna mpinzani naweza kumuona kabla hajapata nafasi ya kuchagua njia? Kama yupo, weka kontena, ukuta, lori, chochote. Halafu panda juu: kila roshani, kila paa, kila dirisha. Aliye juu anaonyesha kichwa tu na wa chini anaonyesha mwili mzima, kwa hiyo sehemu ya juu lazima iwe na bei, ama iwe na ngazi yenye kelele, ama iwe wazi kwa upande wa pili.

HATUA YA 6: Cheza, geuza, cheza

Watu walewale kumi, raundi 15, geuza pande, raundi 15. Andika nani kashinda, bomu lilitegwa saiti gani, na mtu wa kwanza alifia wapi. Hiyo ya tatu ndio yenye siri. Kama vifo vya kwanza vinane vimetokea kona moja, nenda kona hiyo. Na kama mnaweza chezeni LAN (kompyuta zimeunganishwa sehemu moja), maana sisi wa huku tukicheza kwenye sava za Dubai au Johannesburg ping (kuchelewa kwa mtandao) inaingia kwenye matokeo, utadhani kona ni mbaya kumbe ni mtandao wa jamaa.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu shukrani kwa somo. Ila mi najiuliza, si timu zinabadilishana pande baada ya raundi 12? Kama CT ni upande mzuri wote watakuwa CT, shida iko wapi?

Jibu: Swali zuri kaka. Ni kweli kubadilishana kunapunguza uonevu, lakini angalia pesa za kununulia bunduki. Timu iliyoanza upande mzuri inajaza pochi, wenzao wanacheza na bastola raundi tatu mfululizo, morali inashuka, mpaka mnageuza mtu ameshakata tamaa. Pili nusu ya mchezo inakuwa ya kusubiria zamu yako. Na kuna gemu zilikaa miaka bila kugeuza kabisa. World of Warcraft kuna uwanja wa Alterac Valley, watu 40 kwa 40, pande mbili ni Horde na Alliance, na kwa miaka mingi ukiwa Horde ulikuwa Horde, ukiwa Alliance ulikuwa Alliance, na kila upande una kona yake ya bonde ileile siku zote. Ngome ya Alliance pale Dun Baldar unaiendea kwa kupitia daraja, na lile daraja limebishaniwa tangu 2005 ramani ilipotoka, maana kwa miaka mingi mchezaji wa Horde hakuwa na siku ya kuwa upande wa pili wa daraja. Kule jiografia ikikosewa ilikuwa imekosewa kwa mtu yuleyule kila siku.

Swali: Vipi gemu za ramani yenye pande zinazofanana kama Dota, si zenyewe zishasawazika?

Jibu: Hapana ndugu, zinafanana kwenye karatasi tu. Timu ya Radiant wako chini kushoto, timu ya Dire juu kulia, na kamera inaangalia kwa mshazari kutoka kusini, kwa hiyo mmoja anashambulia kuelekea juu ya skrini na mwingine kuelekea chini ambako vitufe vimeziba. Halafu kuna Roshan, jitu linalogombaniwa na pande zote. Shimo lake likiwa moja lazima liwe karibu na njia za mmoja kuliko mwenzake, na kwa miaka wamelihamisha mara kadhaa. Toleo la 7.33 la Aprili 2023 walipanua ramani kwa asilimia 40 na kuweka mashimo mawili, Roshan anahama kutokana na usiku na mchana. Hawakuweza kupata sehemu moja ya haki kwa wote, wakaamua kumzungusha. Mimi naona ni suluhisho safi sana.

Swali: Mimi na wenzangu tunatengeneza sava ya koo tatu zinazogombania visiwa. Hatua zako zinafanya kazi kwa pande tatu?

Jibu: Kupima muda na mistari ya kuona ndio, ila kuna kitu kipya: aliye katikati anapigwa na wawili. PlanetSide 2 wana himaya tatu, Terran Republic, New Conglomerate na Vanu Sovereignty, na bara kubwa kama Indar haliwezi kuwa na mlima sawa na jangwa sawa kwa wote. Wao wakawa wanazungusha ngome za kuanzia, usibaki na kona moja milele. Fanyeni hivyo, msimu ukiisha kila ukoo uhamie kisiwa kingine. Na hakikisheni kila jozi ya koo ina mpaka wa urefu unaokaribiana, la sivyo wawili wasiopakana watakuwa marafiki na wa tatu ataacha gemu.

Swali: Naweza kutumia boti (wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta) kupima? Sina watu kumi.

Jibu: Kupima kama njia hazina sehemu ya kunasa, sawa. Kupima usawa, usitumie, dada yangu. Boti hasubiri flashi, hadanganyi, wala hapandi kontena kwa kubebwa na mwenzake. Tafuta hata watu wanne, mchezee saiti moja tu wawili kwa wawili, utajifunza zaidi ya raundi mia za boti.

Swali: Nimebadilisha anzio, nimeongeza ukuta, na nimehamisha saiti B. Sasa T ndio wanashinda kila raundi. Nianzie wapi?

Jibu: Rudisha yote mkuu, fungua lile toleo la mwanzo. Hamisha anzio peke yake, cheza raundi 30, andika. Halafu ukuta, raundi 30, andika. Halafu saiti. Mi kila toleo nalipa namba na tarehe na faili nzima naihifadhi, Bandarini sasa hivi iko toleo la 19 na saiti B bado inanisumbua pale ngazi za gati, T anafika sekunde ya 16 na CT ya 15 na nusu, wikiendi hii najaribu kusogeza lori moja tu.